Saa Tatu Asubuhi Nilikuwa Nimelala

Athi River,
Jumapili mchana.

Kaka Rashidi,

Nilikosa kumzika mama. Ilikuwa Jumanne, baada ya sala ya alasiri, nyinyi mko makaburini na mimi niko huku nakunywa chai kwa mkate, nywele zimelowa, nimetoka kuoga. Usingizi wangu nao ulikwenda siku hiyo hiyo na mpaka leo haujarudi. Nimeanza na hayo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unapenda sana mtu akizunguka.

Salamu basi. Natumaini mko wazima hapo Voi, wewe na watu wa nyumba yako, na kwamba ule mgongo wako umetulia. Mvua imewafikia? Huku ilinyesha siku mbili ikaacha. Vumbi la simiti likageuka tope la kijivu, sasa limekauka tena na limerudi kwenye sufuria zetu. Mimi ugonjwa sina. Ukiniona utasema nimekonda, lakini si kwa njaa.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Mara mbili nimekupigia na mara mbili umeniambia, "Zuhura, hapa pana watu." Karatasi haina watu. Isome peke yako, kisha umpe mkeo Halima akiitaka.

Kwanza nataka ujue kulala kwangu ni nini, maana nyumbani mnaona mtu anayelala jua likiwaka ni mgonjwa au ni mvivu. Hata mama alicheka nilipomweleza. "Kwa hiyo umekuwa popo?" Lakini yeye alicheka kisha akauliza nafunika dirisha kwa kitu gani. Nyinyi wengine hamkuuliza.

Kiwanda chetu kinashona suruali za kwenda ng'ambo, na mashine hazizimwi. Sisi wa usiku tunaingia saa moja jioni, tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilipokuja nilikuwa nafagia nyuzi. Nikapewa mkasi wa kukatia nyuzi, nikapewa mashine, leo nasimamia laini nzima, wanawake thelathini na wawili, na hakuna aliyenishika mkono kunipandisha. Kilichonipandisha ni usingizi. Usicheke. Wenzangu wakitoka asubuhi walikuwa wanapitia sokoni, wanafua, wanapika, kisha wanalala wakishachoka, leo saa nne, kesho saa saba. Usiku wakirudi kazini, ikifika saa tisa macho yanajifunga yenyewe, na sindano ya mashine haingoji mtu. Nimeiona ikipita juu ya ukucha wa msichana ikatokea chini. Nikasema, ikiwa kazi ina saa yake, usingizi wangu nao utakuwa na saa yake.

Kuujenga kulinichukua karibu mwaka mzima. Kikombe changu cha mwisho cha chai ni saa sita ya usiku, baada ya hapo ni maji. Nikitoka kazini nashusha mtandio mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa niligundua jua la asubuhi likikuingia machoni mwili unadhani siku imeanza na utagaragara mpaka mchana. Nakunywa uji, sili chakula kizito. Nanawa miguu kwa maji ya baridi. Dirisha nimelipigilia blanketi kwa misumari. Saa mbili nimelala, saa tisa mchana naamka, nawahi adhuhuri yangu kabla haijatoka, na ni hivyo hivyo hata siku ya mapumziko. Siku ya Idi niliacha sahani ya pilau nikaenda kulala, wakanisema wiki nzima. Mwili ulisumbua, kisha ukakubali. Mwanzoni machimbo ya Lukenya yakilipua baruti mchana nilikuwa naruka kitandani kama mtu aliyemwagiwa maji. Baada ya miezi kadhaa sikuisikia tena, nasimuliwa tu kwamba leo walilipua kubwa.

Ikabaki ploti. Vyumba kumi na viwili, choo kimoja, watoto hawahesabiki. Nikakaa na wanawake wa usiku tukapatana: mwenye kulala atundike leso mlangoni, na mlango wenye leso haugongwi. Haugongwi na mwenye nyumba, haugongwi na anayetafuta kiberiti. Syombua, mama mmoja wa Mitaboni anayeuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, pale langoni, akajifanya askari wetu bila kuombwa. Utamsikia tangu asubuhi na ule mchi wake wa kukobolea mahindi mkononi. "Wee! Huoni leso? Hapo kuna mtu wa nait. Enda mchezee huko kwa barabara!" Ananiita mwiitu wakwa, yaani binti yangu, na kwa kweli amenilinda kama binti.

Nimekueleza yote haya ili ukiisoma ile Jumanne uisome vizuri.

Ulipiga simu dukani kwa Kilonzo saa tatu asubuhi. Mama alikuwa amezidiwa tangu alfajiri. Shangazi alikuwa ameshaanza kumsomea Yasini. Wewe ulikuwa unayajua hayo yote ulipoushika mkono wa simu. Sasa, ulimwambia Kilonzo nini? Nimemuuliza mara nyingi mpaka siku hizi akiniona anainama nyuma ya magunia ya unga. Anasema, "Ndugu yako aliongea polepole, na heshima. Alisema, mwambie Zuhura apige nyumbani, si jambo kubwa, asishtuke."

Najua kwa nini ulisema hivyo. Kwetu habari ya namna hiyo haimwagwi masikioni mwa mgeni. Mtu anaitwa kwa kisingizio, akishafika, akishaketi, akishapata watu wa kumshika, ndipo anaambiwa. Wewe mwenyewe baba alipokufa uliitwa kutoka Mombasa ukidanganywa kuna kesi ya shamba, na ukaja, ukashukuru baadaye. Lakini wewe uliitwa ukiwa macho.

Kilonzo akafunga duka, akaja. Syombua ndiye aliyenisimulia, na Kilonzo hakukataa hata neno.

"Unaenda wapi na hizo ndara?" Syombua akamuuliza.

"Zuhura ana simu. Ni kwao."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Jamaa amesema si jambo kubwa."

"Basi atapiga akiamka. Ai, Kilonzo! Huyu ameingia kitandani sasa hivi. Umwamshe, usiku ashonwe kidole, wewe ndio utaenda kumshikia mashine?"

"Nimwambie nini huyo mtu? Amengoja kwa laini."

"Mwambie amelala. Kulala ni dhambi?"

Kilonzo akarudi akakwambia, "Amelala. Hapa watu wa usiku hawaamshwi." Nawe ukasema, "Haya, asante," ukakata. Haya, asante. Kaka, hukusema mwamsheni. Hukusema mama. Syombua ameniapia, na ameapa akilia, "Kama ningesikia neno mgonjwa tu, huo mlango ningeuvunja na mchi."

Niliamka saa tisa kama kawaida yangu. Syombua akanipa habari hiyo kama alivyopewa, kwenu walipiga, si jambo kubwa. Kwa hiyo nikaswali, nikaoga taratibu, nikachemsha chai. Nilipofika dukani na kupiga, aliyepokea ni yule kijana wa dukani kwenu. "Hakuna mtu hapa, wote wamekwenda makaburini." Nikamuuliza kuna nani amefariki. Naye pia ana adabu zake, akasema, "Subiri Rashidi arudi."

Basi la Nairobi kwenda Mombasa linapita hapa Athi River saa nne asubuhi. Voi linaingia saa tisa mchana, likichelewa sana saa tisa na nusu. Mlimswalia saa kumi. Hesabu hiyo nimeipiga nikiwa nimelala chali, nikiwa nimelala ubavu, nimeongeza pancha moja njiani, nimeongeza mizani ya Mlolongo ambayo hata haiko njia hiyo, na kila nikiipiga nafika. Nafika, namkuta mama sebuleni, wanamfunua uso, namwona.

Nilipokuja usiku ule nikaingia alfajiri, hukuniambia lolote. Ulinishika mabega, ukalia, nami nikalia, nikadhani tumemaliza. Siku ya tatu, kwenye hitima, wanawake tumekaa kwenye jamvi tunachambua mchele, Shangazi Mwanaisha akasema bila kuinua macho, "Wako watu waliitwa na mama zao wakajibu wamelala."

Hakuna aliyemuuliza ni nani. Mikono yote iliendelea kuchambua mchele. Wewe ulikuwa hapo nje mlangoni na wanaume, pazia tu katikati yetu, na sauti ya Shangazi unaijua haina chini. Ulikohoa. Ulikuwa na nafasi ya kusema, Shangazi, Zuhura hakujua. Maneno matatu. Nilikuwa nakungoja. Ukakohoa tena, ukaagiza kahawa.

Jioni Halima alinisaidia kuosha masufuria nyuma ya nyumba. Akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi nilikuwa chumbani. Rashidi aliporudi kutoka kwenye simu, mama alifungua macho. Akamuuliza, Zuhura amesemaje? Akauliza tena, amesemaje?"

"Naye akamjibu nini?"

Halima akasugua sufuria moja mpaka nikadhani ataitoboa. "Nilitoka kwenda kuchota maji. Muulize mwenyewe." Halima, kaka. Yule hatoki chumbani pakiwa na mazungumzo, sote tunamjua. Amesikia, na hataki jibu hilo litoke kinywani mwake.

Tangu nirudi huku, saa mbili nalala. Hilo mwili umekataa kulisahau. Saa tatu naamka. Nasikia ndara zinakuja ushorobani, zile nzito za matairi ya gari. Zinafika mlangoni kwangu zinasimama. Kuna mtu anapumua hapo nje. Hagongi, kwa sababu leso ipo. Mimi nimelala nimekodoa macho gizani, mdomo mzito, namngoja agonge, namwomba Mungu agonge. Hagongi. Kisha ndara zinageuka zinaondoka.

Siku ya kwanza nilitoka nje mbio, kichwa wazi. Syombua akaniangalia. "Hakuna mtu amepita hapa, mwiitu wakwa. Niko hapa tangu asubuhi." Kilonzo alikuwa amekwenda Machakos mjini kuchukua bidhaa, duka limefungwa kwa kufuli. Kesho yake nikaiondoa leso. Zikaja, zikasimama vilevile. Nikahamia chumbani kwa Syombua upande wa pili wa ploti, nikalala kwenye mkeka wake. Zikaja mpaka huko, na njiani zikapita mlango wangu bila kusimama, kama zinazojua nimehama.

Kuna siku nyingine si ndara, ni kidole gumba cha mguu. Utakumbuka mama alivyotuamsha kwa ajili ya alfajiri. Hakuita jina, akisema mtu aliyelala akiitwa jina roho inashtuka. Alikaa miguuni, akakishika kidole gumba, akakiminya kidogo, akangoja. Ukirudi usingizini alikiminya tena. Ndivyo ninavyoamshwa. Nikiinua kichwa hakuna mtu, lakini kidole kina joto na vingine vya baridi.

Unanijua, mimi si mtu wa kukaa nikalia juu ya jambo linaloweza kutengenezwa. Nimejaribu kulitengeneza. Nilisogeza saa, nikasema nitalala saa nne, hiyo saa tatu inikute niko macho nimesimama. Ikanikuta nimesimama, ndara zikaja, na usingizi siku hiyo haukuja kabisa. Nikageuza kitanda. Nikaacha chai yote. Nikajaribu kulala vipande viwili, kimoja asubuhi na kimoja alasiri, kama nilivyowashauri wengine wenye watoto wachanga. Nikaenda kwa nesi wa zahanati. Nikamwambia sitaki vidonge, nataka kujua ninakosea wapi. Akaniuliza kila kitu, saa, chakula, mwanga. Akasema, "Mama, wewe unalala vizuri kunishinda mimi. Jambo moja tu. Ukiamka usibaki kitandani kupiga hesabu. Ondoka, kaa kwenye kiti, rudi macho yakiwa mazito. Hiyo saa tatu ina nini?"

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Na hilo jibu analo nani?"

"Kaka yangu."

"Basi foleni yako si hii."

Nimefanya alivyosema, nakaa kwenye kiti. Kiti kinaniangalia na mimi nakiangalia. Wiki iliyopita nililala kazini nimesimama, mkono umeegemea meza ya kukatia vitambaa. Msichana mmoja alinivuta gauni kwa nguvu mpaka likachanika. "Madam! Madam, kisu!" Kile kisu cha umeme kilikuwa kimefika mahali ambapo kiwiko changu kilikuwa. Wanawake wote thelathini na wawili waliona. Meneja akaniita pembeni. "Zuhura, si wewe ndiye ulifundisha watu hapa kulala? Nakupa mpaka mwisho wa wiki ijayo. Ukiwa hivi hivi, unarudi kufagia." Anasema kweli. Mimi nikiwa yeye ningesema hivyo hivyo, pengine ningetoa siku chache zaidi.

Kwa hiyo, kaka, sikuulizi kwa nini ulisema si jambo kubwa. Nimeshakujibia hilo. Sikuulizi kwa nini ulikohoa kwenye hitima, hilo tutalisema siku tukiwa wazee tukipewa umri. Nakuuliza ulimjibu mama nini.

Maana nimelipima kila upande. Kama ulimwambia, "Mama, amelala," nitalia, lakini mama aliujua usingizi wangu. Ndiye peke yake aliyeuliza nafunika dirisha kwa kitu gani. Huenda alisema moyoni, mwacheni apumzike, akafumba macho. Na hilo naweza kuishi nalo. Kama ulimwambia hukunipata, pia ni sawa, ni uongo wa kumpumzisha. Lakini kama ulimwambia, "Anakuja, mama, yuko njiani," na nakujua, hilo ndilo neno lililo karibu na ulimi wako, basi mama alikaa kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri akinisubiri. Aliaga akiangalia mlango. Na ikiwa bado ananisubiri, basi nijue. Nitakuja, nitakaa pale kaburini, nitamwambia nimefika. Siwezi kuja kusema nimefika mahali ambapo sijui kama mama aliahidiwa nitafika.

Nisalimie Halima, mkeo, na umwambie simlaumu kwa yale maji aliyokwenda kuchota. Nisalimie Shangazi Mwanaisha, dada yake baba, aliyemwosha mama kwa mikono yake. Mkono huo nauheshimu, ulimi wake utangoja. Msalimie jirani yetu mama Sofia aliyemshikia mama kikombe cha maji siku zile za mwisho, na mwanao mkubwa mwenye jina la baba, mwambie asome. Syombua anakusalimu pia, ingawa hamjuani. Kila siku ananiuliza kama nyumbani wamemsamehe, na sina la kumwambia.

Barua hii nampa utingo wa basi, kesho jioni utakuwa nayo. Jumamosi ni siku yangu ya mapumziko. Saa kumi jioni nitakuwa nimeketi dukani kwa Kilonzo, simu iko mbele yangu, na nimeshamwambia asimpe mtu mwingine laini. Chukua simu mahali pasipo na watu. Usinipe pole, nimepewa nyingi. Usinieleze ulikuwa katika hali gani. Mama aliuliza, "Zuhura amesemaje?" Nitajie ulichomjibu, maneno yale yale kama yalivyotoka kinywani mwako, Jumamosi saa kumi jioni.

Mdogo wako,
Zuhura